Ameacha Watoto Wangapi

Mzee Kasiani Nandonde alikata roho Jumatano asubuhi, bakuli la uji likiwa bado linafuka moshi kando ya kitanda, na kabla ya saa sita nyumba yake ya Naliendele ilikuwa imejaa watu ambao kwa miaka miwili hawakukumbuka hata njia ya kufika pale. Ndivyo tulivyo. Ukiugua hatuna nauli, ukifa tunakodi fuso.

Aliyekuwa ameshika kijiko cha uji ni Witness. Alimfumba mzee macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akatandika shuka safi ambalo alijua fika halitachafuka tena, halafu ndipo akalia. Alilia kwa sauti, "Baba yangu! Baba yangu!" hata shangazi mmoja aliyekuwa anashuka kwenye bodaboda akauliza, "Huyu anayelia hivi ni nani?" Akajibiwa, "Yule wa kufikia." Akasema, "Aa," akaulizia choo kiko wapi.

Wa kufikia. Neno hilo Witness alilisikia tangu hajajua kufunga viatu. Mama yake, mwalimu Rebeka, alihamishiwa Mtwara kutoka Njombe mwaka 1994, akiwa na sanduku moja na mtoto wa miaka minne. Baba wa mtoto huyo alikuwa anajulikana, ila mwenyewe hakutaka kujulikana. Kasiani wakati huo alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mikorosho, ana mke wake wa ndoa ya kanisani, Ermelinda, asili yake ng'ambo ya Ruvuma, na watoto wawili, Osvaldo na Claudia. Akamwona mwalimu, basi, kwisha habari yake. Ermelinda hakurusha sufuria wala tusi. Kaka zake walikuja, wakamchukua dada yao na watoto wake, wakarudi nao kwao Kilambo, kando ya mto, maana huku kwetu mtoto ni wa kwa mama yake na wajomba zake. Baba anaruhusiwa kuwapenda kwa mbali. Hivyo watoto aliowazaa Kasiani wakakulia kwa mjomba, na mtoto wa mwanamume mwingine akakulia mapajani pake.

Wala hakunyanyaswa, tusimsingizie marehemu. Kasiani alimfundisha kuendesha baiskeli, alimpigania shuleni, alimnunulia cherehani. Ila kila mwisho wa mwaka, Kasiani akishakunywa kidogo, alikuwa anakaa barazani na kusema, "Sijui wanangu wamekula nini leo." Wanangu! Na Witness yuko hapo hapo, ameshika sahani yake ya chakula.

Mwalimu Rebeka alifariki miaka minane iliyopita. Mzee akabaki na Witness. Halafu kiharusi kikampiga, upande wote wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na Witness akawa ndiye mkono, ndiye mguu, ndiye choo. Mchumba wake alisubiri mwaka mmoja, akachoka, akaoa Masasi. Witness hakumlilia sana. Alikuwa na kitu anachokitaka zaidi ya mume. Alitaka kuwa mtoto wa Kasiani, mtoto kamili, atajwe hadharani asiwepo wa kubisha. Na hadharani penyewe alipajua. Kwenye mazishi, jeneza likiwa juu ya magogo, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alioa nani, ameacha watoto wangapi. Hapo kwenye watoto ndipo watu wote huacha kunong'ona. Ukitajwa, umetajwa. Usipotajwa, rudi ulikotoka.

Lakini mtu akitaka kitu sana, shetani humtafutia kazi. Simu ya mzee ilikaa kwenye mfuko wa aproni ya Witness. Kila Jumapili baada ya misa Osvaldo alipiga kutoka Kilambo. Witness aliondoka barazani, akazunguka nyuma ya jiko, akapokea. "Amelala, kaka. Daktari amesema asisumbuliwe." Akirudi barazani anamkuta mzee amemkodolea macho, mate yanamtoka upande mmoja. "Wamepiga?" "Hawajapiga, Baba." Mzee anainamisha kichwa. Witness anamfuta mate. Na Claudia alipokuja mwenyewe, mwezi wa nane mwaka jana, amefunga kambale wanne wa mtoni kwenye jani la mgomba, Witness alimkuta getini na kumwambia usoni: "Baba amesema hataki kukuona. Amesema mlishachagua mjomba wenu." Claudia akaacha samaki, akaondoka anapepesuka. Samaki wale Witness aliwapika. Mzee akawala akawasifia, akauliza wametoka wapi. "Sokoni, Baba."

Ilichukua mwaka na nusu, lakini alilipata alilolitaka. Mwezi wa pili, Jumapili jioni, jirani yao Mwanahamisi akiwa anawasaidia kumrudisha mzee ndani, Kasiani alimshika Witness mkono kwa ule mkono wake mzima akasema, pole pole, kila neno likitoka kama linavutwa kwa kamba: "Sina mtoto mwingine. Ni wewe tu." Witness alikwenda jikoni, akakaa juu ya ndoo, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Hakuona aibu hata chembe. Alikuwa na miaka thelathini na nne na ndiyo kwanza anazaliwa.

Kikao cha ukoo kilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, sebuleni. Kiongozi alikuwa Emmanueli, mtoto wa dada wa marehemu, kwa hiyo ndiye mwenye kauli kwa mila za Kimakonde. Pembeni, juu ya mkeka wa mjane, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, alikaa Ermelinda. Ndiyo, Ermelinda, aliyeondoka nyumba hiyo miaka thelathini iliyopita. Kanisa halijui habari ya kuondoka. Ndoa ni ndoa. Osvaldo na Claudia walikaa kwenye kochi la mwalimu Rebeka. Mwanahamisi alikuwa anazunguka na birika la chai.

"Tuandike wasifu," alisema Emmanueli. "Kesho saa nane tunazika Kilambo, na padre hapendi kungojeshwa. Nani ana mwandiko?"

Wote walimgeukia Witness. Mtoto wa mwalimu, msomaji wa masomo parokiani, nani mwingine? Akaletewa daftari na kalamu, akajiweka vizuri kwenye stuli.

Emmanueli alitaja, Witness akaandika. Alizaliwa Kilambo mwaka 1955. Alisoma mpaka darasa la saba. Aliajiriwa kama dereva wa trekta. "Mwaka 1986 alifunga ndoa takatifu na Bibi Ermelinda," alisema Emmanueli, akaruka moja kwa moja kwenye kustaafu.

Witness aliinua kalamu. "Na mama yangu?"

"Mbele ya padre hatutaji hawara, dada yangu," alisema Emmanueli, bila ubaya wowote, kama anayemkumbusha mtu kufunga mlango.

Witness aliinama akaandika kustaafu. Iliuma, lakini mama yake alikuwa ameshakufa na hasikii, na mstari wa watoto ulikuwa unakuja. Kwa ajili ya mstari ule angemuuza mama yake na kaburi lake. Ndivyo alivyokuwa amefikia.

"Ameacha mjane," Emmanueli akakohoa, "na watoto wawili."

"Watatu," alisema Osvaldo.

Huyu Osvaldo ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, anavusha watu kwa mtumbwi mtoni, na si mzoefu wa vikao. Alikuwa anaangalia vidole vyake. "Sisi Baba alitukataa. Sawa, yamepita. Lakini kuna mtu aliyemgeuza kitandani, akamwosha mavi yake, miaka miwili. Mtu huyo mkimwacha nje, mimi kesho sibebi jeneza. Andika watatu, dada."

Emmanueli alimtazama Claudia. Claudia hakuwa amelala tangu jana, macho yake yamevimba. "Aandike," alisema. "Angalau yeye alimpenda."

Witness aliandika. *Ameacha watoto watatu: Osvaldo, Claudia na Witness.* Basi! Limeandikwa, na waliolitoa ni wenye damu yao wenyewe. Sasa angefunga mdomo, jamani. Angekunywa chai yake, akapigia mstari chini, akaenda kuwapimia wapishi mchele. Lakini furaha ilimpanda kichwani, na ikamtuma aongeze kidogo, aonekane hakupewa kwa huruma.

"Asante, kaka," alisema. "Na Baba huko aliko anafurahi. Mwenyewe aliniambia, mwezi wa pili, amenishika mkono: 'Sina mtoto mwingine. Ni wewe tu.'"

Claudia aliinua uso. "Alisema hivyo?"

"Haki ya Mungu."

"Kweli kabisa, mimi nilikuwepo," alidakia Mwanahamisi, birika mkononi. Alitaka kumtetea shoga yake, masikini, wala hakuwa na nia mbaya hata kidogo. "Alishachoka kuwangojea, nzee wa watu. Kila Jumapili lazima tumtoe barazani, na haingii ndani mpaka jua lizame. 'Wamepiga?' Hawajapiga. 'Claudia hajaja?' Hajaja. Na nyie nanyi, mtanisamehe kusema msibani, mna roho ngumu. Hata simu jamani?"

Osvaldo alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Mama, mimi nimepiga kila Jumapili."

"Ulipiga wapi, baba?"

"Namba yake. Nikitoka misa. Anapokea huyu dada, ananiambia amelala."

"Amelala wapi, wallahi! Alikuwa kakaa hapo nje anaisubiri hiyo simu..." Hapo Mwanahamisi akasikia alichosema. Aliweka birika sakafuni, taratibu, akamgeukia Witness.

Witness aliangalia daftari. Alikuwa anawaza mambo kumi kwa pamoja, aseme mtandao, aseme daktari, aseme mzee mwenyewe alibadilika badilika.

"Mimi nilikuja," alisema Claudia. Hakuwa anazungumza na mtu maalumu. "Nilikuja na samaki. Aliniambia Baba hataki kuniona. Nilirudi kwa miguu mpaka stendi, sikuona hata bajaji." Akamshika Mwanahamisi upindo wa gauni. "Mama, aliniulizia? Mimi, kwa jina?"

"Wewe ndiyo zaidi, mwanangu," alisema Mwanahamisi, akaanza kulia.

Ndipo Witness akawageukia wale wawili wa kwenye kochi. "Ninyi alikuwa wenu bila kumtolea jasho!" alisema. "Mngekaa miaka ishirini bila kuja, bado mngekuwa wanawe! Mimi nilikuwa na nini? Nimemwosha, nimemlisha, nimeachwa na mwanamume kwa ajili yake, na bado kila siku anawaulizia ninyi. Ninyi! Nilitaka siku moja tu asiwaulize!"

Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna aliyejali. Ermelinda, ambaye tangu Jumatano hakuwa ametamka neno, alisema kutoka chini ya kanga: "Kata jina lake."

Emmanueli alinyoosha kidole kwenye daftari. Witness alimtazama Osvaldo, yule wa jeneza, yule wa mavi, na Osvaldo akageuza uso dirishani. Akakata. Alipiga mstari juu ya jina lake, na juu ya *watatu* akaandika *wawili*.

"Bado," alisema Claudia. Machozi yalikuwa yamemkauka ghafla. "Andika ugonjwa. Andika: Marehemu aliugua kiharusi kwa miaka miwili. Aliuguzwa nyumbani kwake na watoto wake, Osvaldo na Claudia, kwa upendo mkubwa, mpaka dakika ya mwisho."

"Claudia," alisema Osvaldo, "hiyo si kweli."

"Ingekuwa kweli! Nilisimama pale getini na samaki mkononi, ingekuwa kweli! Ametuibia miaka miwili, huyu. Airudishe. Na kesho ataisoma mwenyewe, kwa sauti yake nzuri hiyo. Asipotaka, nitasoma mimi, na mimi nitasoma habari ya simu na habari ya samaki, mbele ya padre na watu wote wa Naliendele." Alimwinamia Witness kabisa. "Chagua."

Mtu anaweza kusema, angeondoka. Angevaa kandambili zake akaenda. Aende wapi? Njombe hawamjui hata kwa picha. Naliendele ingeshajua kabla hajafika barabarani. Na mzee alikuwa bado hajazikwa. Kumbuka hilo: pamoja na uongo wake wote, alikuwa bado hajamzika baba yake.

"Andika, dada," alisema Emmanueli. "Chai inapoa."

Witness aliandika, kwa mwandiko ule ule mzuri aliofundishwa na mama yake.

Ijumaa saa nane jua la Kilambo lilikuwa linachoma mpaka mchanga unaumiza nyayo. Watu wa Naliendele, waliokuja wamejaza fuso mbili, walikaa upande mmoja chini ya mikorosho. Watu wa mtoni walikaa upande mwingine. Katekista alishika kipaza sauti akasema, "Sasa tumsikilize msomaji wetu."

Alisoma vizuri. Tena alisoma vizuri kuliko siku zote, maana hakujua namna nyingine ya kusoma. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa takatifu. Alipofika "ameacha mjane na watoto wawili," minong'ono ikakatika, na upande wa Naliendele watu wakaangaliana. Akaendelea. "Marehemu aliugua kiharusi kwa miaka miwili. Aliuguzwa nyumbani kwake na watoto wake..."

Mwanahamisi aliinuka nusu, mdomo wazi. Mtu akamvuta kanga, akakaa. Wanawake waliokuwa wanamwona Witness kila alfajiri akianika mashuka ya mzee kwenye kamba waliangalia chini. Nani ataleta ugomvi juu ya jeneza?

"...Osvaldo na Claudia, kwa upendo mkubwa, mpaka dakika ya mwisho."

Witness aliinua macho kwenye karatasi, akataka amwone Claudia anafurahi, apate angalau mtu wa kumchukia. Claudia hakuwa anafurahi. Alikuwa amefumba macho, midomo yake inafuatisha maneno moja moja, *mpaka dakika ya mwisho*, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto anayehadithiwa. Alikuwa anaamini. Kwa dakika ile moja Claudia alikuwa amemwosha baba yake, amemlisha, amemfunga kidevu. Witness aliijua njaa ile, alikuwa nayo mwenyewe miaka thelathini, na ilimtisha kuiona kwenye uso wa mwingine.

"Asante, dada msomaji," alisema katekista, akamnyang'anya karatasi na kipaza sauti kwa mkupuo mmoja, maana muda ulikuwa unakwenda. "Mjane na watoto wa marehemu, karibuni kutia udongo."

Wakaenda watatu: Ermelinda, Osvaldo, Claudia. Miguu ya Witness ilipiga hatua moja kuwafuata, ikasimama. Alirudi nyuma, akapita watu wa ukoo, akapita watu wa mtoni, mpaka mwisho kabisa, kwenye kivuli chembamba walikokaa wazee wasioweza kusimama muda mrefu.

Bibi mmoja wa hapo hapo Kilambo, mgeni kwake kabisa, alimsogezea upindo wa mkeka. "Kaa, mwanangu. Umesoma vizuri, sauti unayo. Marehemu nani wako?"

Mbele kule Claudia alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, analia, "Baba yangu! Baba yangu!" na watu walikuwa wanamshika wasimwache aanguke.

"Si mtu wangu, bibi," alisema Witness. "Nimeitwa kusoma tu."

"Haya." Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akatikisa kichwa, bado anawaangalia kule kaburini. "Watoto kama wale siku hizi unawapata wapi? Miaka miwili wanamgeuza baba yao kitandani na hawachoki. Mungu awape maisha marefu, awape na wao wa kuwatunza."

Kisha akamgeukia Witness na kumkazia macho, maana dua huitikiwa, na yeye alikuwa anangoja.

"Amina," alisema Witness.